Dietrich Bonhoeffer: mwaka mumoja wa masomo, marafiki wa maisha yote

Mwezi wa 9 mwaka wa 1930, kijana mumoja Mujerumani wa miaka 24 alifika New York, inchi ya Marekani. Jina lake Dietrich Bonhoeffer. Alikuwa na bursi ya kusoma mwaka mumoja kwenye Union Theological Seminary, pahali wanapofundishwa wachungaji. Doktora yake alikwisha kuipata Berlin akiwa na miaka 21 tu, na hakutazamia kama walimu wa kule watamuongezea mambo mengi. Kweli, kitu kikubwa alichorudi nacho hakikutoka darasani. Kilitoka kwa marafiki.

Bonhoeffer alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 2 mwaka wa 1906, yeye na dada yake pacha Sabine, katika muji wa Breslau, ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Baba yao alikuwa profesa, munganga wa magonjwa ya akili. Mwaka wa 1918 kaka yao Walter alikufa kwa vidonda alivyopata vitani, na huzuni ya mama yao ilikuwa kubwa sana. Kisha Ujerumani ikashindwa, na Wajerumani wengi wakabaki na chuki kwa Wafaransa. Bonhoeffer mwenyewe, mwaka wa 1929, akiwa musaidizi wa muchungaji kule Barcelona, alifundisha kama Mukristo anaweza kuua mutu vitani kwa ajili ya kulinda taifa lake.

Sasa, New York, ni nani alikutana naye? Mufaransa! Jean Lasserre naye alikuwa amekuja kusoma mwaka mumoja. Watoto wa inchi mbili zilizomwagiana damu walijikuta kwenye masomo mamoja, wageni wote wawili. Urafiki haukuanza kwa siku moja. Lakini Lasserre alikuwa na neno moja ambalo hakuliacha: Yesu alipoamuru watu kupenda adui, alimaanisha vile alivyosema, na kanisa ni moja hata kama mipaka ni mingi. Bonhoeffer alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya ile amri. Mutu aliyeishika namna ile, tena Mufaransa, hakuwa amemuzoea.

Siku moja walienda pamoja sinema, kuangalia filme juu ya maaskari Wajerumani katika vita ya kwanza ya dunia. Filme ilikuwa inaonyesha mambo kwa macho ya Wajerumani. Basi, Wafaransa walipouawa, watu ndani ya sinema walicheka na kushangilia. Lasserre aliumia sana. Na aliyekuwa kando yake kumufariji ni Bonhoeffer, ambaye kaka yake alikufa katika vita ile ile.

Hawakuwa wawili tu. Kulikuwa Erwin Sutz kutoka Uswisi, ambaye alipenda piano sawa Bonhoeffer. Noeli ya mwaka ule walienda pamoja Cuba. Kulikuwa Paul Lehmann, Mumarekani, ambaye yeye na bibi yake walimukaribisha mugeni nyumbani kwao. Tena kulikuwa Frank Fisher, Mumarekani mweusi, mutoto wa muchungaji kutoka Alabama.

Fisher ndiye aliyemufikisha Harlem, mutaa wa weusi, kwenye kanisa kubwa la Abyssinian Baptist. Kwa miezi kadhaa, kila siku ya yenga Bonhoeffer alikuwa kule. Alifundisha watoto, aliingia katika nyumba za watu, alijifunza nyimbo zao. Siku moja marafiki waliingia restora, na Fisher akanyimwa chakula juu ya ngozi yake. Wote wakasimama, wakatoka. Pale Bonhoeffer aliona kwa macho ubaguzi ni kitu gani, kwa sababu aliyenyimwa hakuwa mutu wa kusomwa katika gazeti. Alikuwa rafiki yake.

Mwaka wa 1931, masomo yakikaribia kuisha, waliazima gari moja nzee, wakashika njia ya Mexico. Lehmann na Sutz waliachia njiani. Bonhoeffer na Lasserre wakasonga mbele. Kule Mexico, katika muji wa Ciudad Victoria, walisimama wote wawili mbele ya watu, Mujerumani na Mufaransa, wakazungumuza juu ya amani. Miaka 13 tu ilikuwa imepita tangu vita kuisha.

Bonhoeffer alirudi Ujerumani akiwa mutu mwingine. Alibeba santuri za nyimbo za weusi, na kisha alizisikilizisha wanafunzi wake. Mwaka wa 1933 Hitler alikamata utawala na kuanza kuwatesa Wayahudi. Wachungaji wengi walinyamaza. Bonhoeffer alikuwa kati ya wa kwanza kusema kama kanisa halina ruhusa ya kunyamaza. Mwaka wa 1934, kwenye mukutano wa Fanø, Denmark, aliita makanisa yote kukataa vita, na Lasserre alikuwa pale.

Urafiki wa New York haukuisha na mwaka wa masomo. Mwaka wa 1939, vita ya pili ikikaribia, Lehmann na wengine walimutafutia kazi Marekani ili apone. Alifika, lakini moyo ulikataa kuacha watu wake katika taabu. Kisha majuma mane hivi alipanda meli kurudi; Lehmann akamusindikiza. Na wakati wa vita, dada yake Sabine akiwa amekimbilia Uingereza na bwana yake mwenye asili ya Kiyahudi, habari zilipitia kwa Sutz, kule Uswisi.

Bonhoeffer, aliyeita makanisa kukataa vita, aliingia kwa siri katika kundi la waliotaka kumuangusha Hitler. Alijua kama ni muzigo, na hakuuhesabu kuwa mwepesi. Alikamatwa mwezi wa 4 mwaka wa 1943. Tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1944, jaribio la kumuua Hitler lilishindikana. Kesho yake, ndani ya gereza la Tegel, Bonhoeffer aliandika barua kwa rafiki. Katika saa ile ya hatari alikumbuka nini? Mazungumuzo ya Marekani, miaka 13 nyuma, na kijana mumoja muchungaji Mufaransa. Walikuwa wameulizana wanataka kufanya nini na maisha yao. Mufaransa alitaka kuwa mutakatifu. Yeye alitaka kujifunza kuamini.

Alinyongwa tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka wa 1945 katika kambi ya Flossenbürg, akiwa na miaka 39. Haukupita hata mwezi mumoja, Hitler naye alikuwa amekufa. Lasserre alibaki muchungaji Ufaransa, na mwaka wa 1953 alitoa kitabu juu ya vita na Injili. Neno lake lilikuwa lile lile la New York.