Dkt. Johann Ludwig Krapf na Lugha ya Wenyeji

Dkt. Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na CMS ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa bado hajakijua Kiswahili. Kiarabu alikuwa amejifunza Misri. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Kadhi wa mji, Sheikh Ali. Nasi Wakristo tusione haya kulikiri jambo hilo. Mwezi uliofuata homa ikamchukua mkewe Rosina, kisha mtoto wao mchanga. Naye, angali mgonjwa, hakuiacha kazi: aliendelea kuwauliza wenyeji maneno na kuyaandika, Mombasa na baadaye Rabai. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Mwenyewe alikuwa amelala katika Bwana huko Korntal, Novemba 1881.