Robert Bosch, fundi wa cheche

Fundi wa Tanga anapozungusha distribyuta ya Land Rover ya zamani kupanga taimingi, anatafuta cheche iwake kwa wakati wake. Ikiwahi, injini hugonga. Ikichelewa, nguvu hupungua na mafuta huliwa ovyo. Kwa msafirisha machungwa wa Muheza, hiyo ni hasara.

Cheche ndiyo iliyomtajirisha Robert Bosch, aliyezaliwa Albeck, Ujerumani, mwaka 1861, mtoto wa 11 kati ya 12. Mwaka 1886 alifungua karakana Stuttgart akiwa na wasaidizi wawili. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya madeni, akavumilia.

Mwaka 1887 alitengeneza magneto ya injini ya gesi isiyohama. Alipotakiwa kuifunga kwenye gari mwaka 1897, haikumudu kasi ya injini hiyo. Karakana yake ikaifanyia marekebisho. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alikamilisha magneto ya volti kubwa pamoja na plagi.

Mwaka 1906 Bosch aliweka siku ya kazi ya saa 8. Alifariki mwaka 1942, lakini jina lake bado limeandikwa kwenye plagi madukani.