KIJANA, UMEPANGIWA NJIA GANI?

Wewe unayeshinda kijiweni Kirumba, wewe unayevuta nyavu alfajiri, simama kidogo! Soma habari za jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa hili, John Akii-Bua wa Uganda.

Alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia ya watoto zaidi ya 40. Shule aliiacha mapema, akachunga ng'ombe. Nani angedhani? Baadaye akajiunga na polisi, na huko ndiko kipaji kilipoonekana. Jamaa huyu hakuwa wa mchezo mmoja! Alishindana hata dekatloni, yaani michezo kumi kwa siku mbili: mbio, kuruka, kurusha mkuki, tufe na kisahani. Kisha kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold, akazielekeza nguvu hizo zote kwenye mita 400 za kuruka viunzi.

Ikafika Olimpiki ya Munich, mwaka 1972. Fainali akapangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote. Je, alinung'unika? Alikuwa amejiandaa! Mazoezini aliruka viunzi akiwa amevaa kizibao chenye uzito. Akamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia! Kabla yake hakuna aliyewahi kukimbia chini ya sekunde 48. Bingwa wa 1968, David Hemery wa Uingereza, aliambulia shaba. Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Lakini sifa haizuii dhoruba. Mwaka 1976 Uganda, kama Tanzania, ilisusia Olimpiki ya Montreal, naye hakukimbia. Mwaka 1979, vita vilipofika Kampala, alikimbilia Kenya na familia yake. Bingwa wa Olimpiki, ndani ya kambi ya wakimbizi! Kampuni ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani. Mwaka 1980 akaingia tena uwanjani, Olimpiki ya Moscow, ingawa fainali hakufika. Kisha akarudi kwao, akawa kocha. Alifariki mwaka 1997, akiwa na miaka 47 tu.

Uganda ilingoja miaka 40 mpaka Stephen Kiprotich alipoleta dhahabu ya pili, London 2012.

Kijana, njia hukuichagua: nyumba uliyozaliwa, ada iliyokosekana. Lakini mazoezi ni yako! Unangoja upangiwe njia nzuri? Kimbia hiyo hiyo. Anza leo!