Gunpei Yokoi: fundi aliyeichezesha dunia kwa vifaa vya bei rahisi

Msikilizaji wetu, kama unatumia simu ya kitochi, kitazame kile kitufe cha katikati kinachokupeleka juu, chini, kushoto na kulia. Kidole gumba kimoja kinatosha kuzunguka simu nzima. Wazo hilo la kidole kimoja na pande nne lilienea duniani kupitia vifaa vya gemu, na aliyelianzisha alikuwa fundi mmoja wa Japani. Leo tunawasimulia maisha yake.

Gunpei Yokoi alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Kyoto. Alisomea mambo ya umeme na elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha mjini humo, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Wakati huo Nintendo haikuwa kampuni ya gemu. Tangu mwaka 1889 ilikuwa ikitengeneza karata, hasa zile za Kijapani zenye picha za maua. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuzitunza mashine za kiwandani zisiharibike.

Mashine zikiwa nzima, fundi hukaa bila kazi. Yokoi alitumia muda huo kujitengenezea mkono wa kuchezea, wenye vipande vilivyopishana kama mkasi. Ukibana mshikio, mkono unarefuka na kukamata kitu kilicho mbali. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimwona akiuchezea. Badala ya kumfukuza kwa kucheza kazini, alimwagiza autengeneze kwa ajili ya kuuzwa. Mwaka 1966 ukaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja. Kuanzia hapo Yokoi akahamishiwa kazi ya kubuni vitu vya kuchezea.

Miaka ya sabini ilipoelekea ukingoni, Yokoi alikuwa ndani ya treni ya mwendo kasi. Akamwona abiria mmoja aliyechoka na safari, akibonyezabonyeza kikokotoo ili kupoteza muda. Yokoi akajiuliza: kwa nini mtu huyu asipate gemu ndogo ya mfukoni? Vioo vya vikokotoo wakati huo vilikuwa vimeshuka bei, kwa kuwa kampuni nyingi zilikuwa zikivitengeneza kwa ushindani mkali. Akavitumia hivyo hivyo. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, gemu ndogo yenye saa ndani yake. Miaka miwili baadaye, kwenye toleo la Donkey Kong, akaweka kile kitufe chenye umbo la msalaba. Kabla ya hapo wachezaji wengi walitumia kijiti kilichosimama, ambacho mfukoni kingevunjika.

Hapa ndipo tunapoiona falsafa yake. Yokoi aliamini kwamba fundi hana haja ya kukimbilia teknolojia mpya kuliko zote. Achukue ile iliyokwisha kuzoeleka, ambayo bei yake imeshuka na kasoro zake zinajulikana, kisha aitafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Mtihani mkubwa wa imani hiyo ulikuja mwaka 1989, yeye na timu yake walipotoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Washindani wao, Atari na Sega, walileta vifaa vyenye kioo cha rangi na mwanga, na waliovitazama dukani waliona Game Boy imepitwa. Lakini vifaa hivyo vilikula betri sita ndogo kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne, ikacheza zaidi ya saa kumi. Tena ilikuwa ya bei nafuu na ngumu, haikuogopa kuanguka. Yeyote anayenunua betri za redio kwa fedha zake anajua tofauti hiyo ina maana gani mwisho wa mwezi. Game Boy na ile ya rangi iliyoifuata mwaka 1998 ziliuzwa kwa jumla zaidi ya milioni 118.

Hata hivyo, fundi hodari naye hukosea. Mwaka 1995 Yokoi alitoa Virtual Boy, kifaa cha kuchungulia kwa macho mawili ili picha ionekane kama ina kina. Kilionyesha rangi nyekundu na nyeusi tu, hakikubebeka kirahisi, na watumiaji walilalamika kuumwa macho na kichwa. Vikauzwa chini ya laki nane, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikaacha kukitengeneza.

Mwaka 1996, baada ya miaka 31, Yokoi aliondoka Nintendo. Wengi walidhani ameondoka kwa aibu. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa na mpango wa kujitegemea tangu zamani. Akaanzisha kampuni yake ndogo, Koto, na kwa kushirikiana na kampuni ya Bandai akaanza kubuni kifaa kingine cha mkononi, WonderSwan. Kioo chake hakikuwa na rangi, na kilitumia betri moja tu. Alikuwa amerudi kwenye njia yake ya zamani.

Hakukiona kikiuzwa. Tarehe 4 Oktoba 1997, gari alilopanda lilipata ajali ndogo kwenye barabara kuu katika mkoa wa Ishikawa. Akashuka kuangalia uharibifu, na gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56. WonderSwan ilitoka mwaka 1999, ikiwa na gemu iliyopewa jina la Gunpey kwa kumkumbuka.

Sisi wa redio tuna sababu ya kumheshimu Yokoi. Redio ni teknolojia ya zamani, lakini inafika shambani na machungani hata pale intaneti inapokatika. Na wewe mwenye simu ndogo usione haya ukiitoa mbele ya watu. Jiulize imekufanyia kazi gani leo, na kesho unaweza kuitumia kwa lipi ambalo bado hujalifikiria.