Mwanamichezo Aliyeifuata Sadaka Yake

Desemba inapofika, aghalabu hutokea mchezaji mmoja au wawili waliopata riziki yao ugenini, wakaja hapa Kongowea kuwagawia watoto jezi na mipira. Picha hupigwa, hotuba hutolewa, kisha magari huondoka kuelekea daraja la Nyali. Silidharau tendo hilo. Mtoto aliyezoea mpira wa matambara nyuma ya soko akipewa mpira wa ngozi, siku hiyo kwake ni Idi. Lakini nikiwa mwalimu, hafla hizo hunikumbusha mtu ambaye wanafunzi wetu hawamjui, kwa kuwa mchezo wake, besiboli, haukupata kushamiri kwetu. Jina lake ni Roberto Clemente.

Clemente alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 mjini Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico, akiwa kitinda mimba wa watoto saba. Baba yake alikuwa msimamizi wa wakata miwa. Kijana huyo alikuwa hodari wa kurusha mkuki shuleni, na wengi waliamini kwamba mkuki ndio uliompa mkono ule uliokuja kuogopwa na wapinzani. Aliyemvumbua hakuwa wakala wa klabu bali mwalimu wa shule, Roberto Marín, aliyemkuta akipiga makopo kwa fimbo na akamwingiza katika timu yake. Nawaomba walimu wenzangu wa Kisauni wasiipite habari hiyo kwa haraka.

Mwaka 1955 alianza kuichezea klabu ya Pittsburgh Pirates nchini Marekani, akadumu nayo misimu 18. Alikuwa mweusi, tena mwenye lugha ya Kihispania, na kila mojawapo ya sifa hizo ilikuwa mzigo. Huko Florida, timu ilikofanyia mazoezi, wachezaji weusi walibaki ndani ya basi wenzao wakila hotelini. Magazeti nayo yaliandika Kiingereza chake kwa tahajia ya kumkejeli, na kumwita Bob ingawa yeye alilishikilia jina la Roberto. Hata hivyo alitwaa ubingwa wa ligi kuu mara mbili pamoja na klabu yake, mwaka 1960 na 1971, na mara nne akawa mpigaji bora wa ligi yake. Tarehe 30 Septemba 1972 alitimiza mapigo 3,000, idadi iliyokuwa imefikiwa na wachezaji kumi tu kabla yake.

Mambo hayo yangetosha kumfanya maarufu. Linalonivuta mimi ni lile alilolifanya msimu ulipokwisha. Alirudi kwao kila mwaka, akakusanya watoto wa maskini na kuwafundisha mwenyewe, bila malipo, uwanjani na juani. Alikuwa na ndoto ya kuujenga mji mzima wa michezo kwa ajili yao. Kwetu Kenya wa kulinganishwa naye ni Kipchoge Keino, ambaye mwaka huohuo wa 1972 alishinda dhahabu Munich, na ambaye pamoja na mkewe Phyllis waliwalea mayatima nyumbani kwao Eldoret. Wote wawili walitoa kile ambacho hakifungiki katika katoni: muda wao.

Tarehe 23 Desemba 1972, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, nchini Nicaragua, na kuua maelfu ya watu. Clemente alikuwa ametoka huko majuma machache tu, akiwa kocha wa timu ya kisiwa chake, na alikuwa amefanya urafiki na mvulana asiye na miguu, akamwahidi msaada wa kupata miguu ya bandia. Basi akaiongoza kamati ya kuchanga chakula na dawa. Zikaja habari kwamba misaada ilikuwa ikiporwa na askari wa Jenerali Somoza. Wengine wangetoa taarifa ya kulaani, wakarudi kwenye sherehe za mwaka mpya. Clemente aliamua kuifuata sadaka yake, akiamini kwamba askari hawatathubutu kuiba mbele ya macho yake.

Usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda ndege kuukuu iliyopakiwa kupita kiasi. Ilianguka baharini punde tu baada ya kuruka. Watu wote watano waliokuwamo walikufa, na mwili wake haukuonekana kamwe. Alikuwa na umri wa miaka 38, mke na watoto watatu wa kiume. Sitaki kuwaficha wanafunzi kwamba ndege ile haikustahili kuruka. Huruma haikuondoa ubovu wa mitambo.

Mwaka 1973 aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli, na kanuni ya kungoja miaka mitano ikawekwa kando kwa ajili yake. Mjane wake, Vera, aliyefariki mwaka 2019, alisimamia ujenzi wa ule mji wa michezo huko Carolina, na maelfu ya watoto wakapitia humo. Baadaye majengo yalichakaa na viwanja vikaota magugu.

Hapa kwetu hata kiwanja cha kuotwa magugu ni adimu. Mchezaji atakayekuja Desemba ijayo, na abakie juma zima, afundishe asubuhi na jioni, kisha atuulize mipira ya mwaka jana iko wapi.