Bonington, mchoraji wa fukwe aliyekuzwa na biashara ya mpakani

Richard Parkes Bonington aliishi miaka 25 tu, lakini picha zake za fukwe zilipata soko pande mbili za bahari inayotenganisha Uingereza na Ufaransa. Bila biashara ya mpakani, huenda asingezichora.

Alizaliwa Oktoba 1802 huko Arnold, karibu na Nottingham, mji uliovuma kwa lesi. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, wafanyabiashara walianza tena kuvuka. Sheria ya Uingereza ilikataza kuuza nje mashine za lesi, hivyo mafundi walizivusha kwa magendo hadi bandari ya Calais, Ufaransa. Mwaka 1817 baba yake Bonington naye alihamishia familia Calais kutafuta riziki katika lesi.

Huko kijana huyo alikutana na Louis Francia, Mfaransa aliyerejea baada ya miaka mingi London akiwa na ujuzi wa Waingereza wa kuchora kwa rangi za maji. Francia alimfundisha.

Baadaye familia ilihamia Paris na kufungua duka la lesi. Bonington alisoma kwa mchoraji Antoine-Jean Gros, lakini pwani ilimvuta zaidi. Alizunguka Normandy na Picardy akichora fukwe maji yakiwa yamekupwa: mchanga uliolowa, wavuvi na samaki wao, mashua zilizokwama, na anga pana juu yake. Rangi za maji ni mzigo mwepesi safarini na hukauka upesi. Palipohitaji mwanga, aliiacha karatasi ionekane.

Mwaka 1824 alipata medali ya dhahabu katika maonyesho makubwa ya Paris, pamoja na Mwingereza mwenzake John Constable. Eugène Delacroix, kinara wa wachoraji wa Romantiki, alikuwa rafiki yake na walichangia chumba cha kazi. Mwaka 1826 Bonington alipeleka picha za pwani ya Ufaransa London, nako zikasifiwa.

Maagizo yaliongezeka, lakini afya ilidhoofu. Kifua kikuu kilimuua London Septemba 23, 1828. Mwaka uliofuata kazi zake zilipigwa mnada jijini humo. Aliyeziuza ni baba yake, yuleyule aliyevuka mpaka kwa ajili ya lesi.