Krapf, mgeni aliyeokota maneno ya Mombasa

Ndugu msomaji, ukivuka Gatumba kwenda Uvira kununua vitenge, au ukipita Kobero kufuata mzigo Kahama, bei unaipatana kwa Kiswahili. Jioni unaandika daftari la madeni kwa Kiswahili hichohicho, tena kwa herufi tulizofundishwa shuleni, a, e, i, o, u. Wengi wetu hatujawahi kujiuliza nani alianza kukiandika hivyo, maana tulizikuta herufi ubaoni. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa ni Mjerumani mmoja ambaye wala hakuja kutafuta Kiswahili. Alikuwa anapita njia tu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine, akalala kitandani miezi sita. Katika kuugua huko ndipo alipozoea vitabu. Baadaye alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, nchini Uswisi, kisha theolojia Tübingen, akaajiriwa na CMS, chama cha wamisionari cha Waingereza. Mwaka 1837 akatumwa Ethiopia.

Huko mambo hayakumwendea vizuri. Alifukuzwa kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1838, akahamia Shewa kwa mfalme Sahle Selassie, na huko akajifunza lugha ya Waoromo na kuiandikia vitabu. Mwaka 1842 aliondoka Shewa kwa shughuli za chama, akaporwa njiani, na aliporudi akakuta milango imefungwa. Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alizaliwa porini wakiwa safarini na hakuishi. Walimpa jina lenye maana ya chozi.

Basi akabuni mpango mwingine: kama Waoromo hawafikiki kutoka kaskazini, atawazunguka kwa kusini, kutokea pwani. Hiyo ndiyo sababu iliyomfikisha Zanzibar Januari 1844. Sultani Seyyid Said alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, jambo ambalo sisi tuliozoea kusimama mpakani na makaratasi mkononi tunaweza kulithamini. Mwezi Mei akahamia Mombasa na mkewe.

Hakukawia. Juni 8 mwaka huohuo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia hakuwa mtu wa kanisani. Alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, mwenyeji wa Barawa. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Mwislamu, mwanachuoni, hakimu wa mji, anakaa na mgeni Mkristo wakichambua neno moja baada ya jingine, na kila mmoja anajua wazi mwenzake anaamini nini. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wasomi wa mambo ya Mashariki. Ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa.

Wakati kazi ndiyo kwanza inaanza, homa iliingia nyumbani. Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, na katika siku chache mama na mtoto wote wawili wakafariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Angeweza kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki.

Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na wawili hao wakahamia Rabai, kilometa 20 hivi kutoka Mombasa, katikati ya Wamijikenda. Kwa kuhubiri hawakuvuna kitu cha kutajwa. Waliobatizwa katika miaka ile ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwa maneno walivuna sana. Walikuwa wanaandika kila walichosikia: Kiswahili, Kirabai, Kikamba, Kipokomo, Kiyao. Rebmann alimpata mtumwa aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, jina lake Salimini, akajaza kamusi nzima kutoka kinywani mwake.

Sasa nifike kwa wafanyabiashara, maana bila wao hadithi hii haipo. Watu waliowafundisha wamisionari hawa jiografia ya bara walikuwa ni wachuuzi na wapagazi wa misafara ya pembe. Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, alikaa Tanga akiwauliza watu wa misafara wanafika wapi. Kila aliyeulizwa, kwa njia yake, alisema mwisho wa safari kuna maji makubwa. Erhardt akaunganisha maji yote hayo, na ramani waliyoitoa yeye na Rebmann mwaka 1856 ilikuwa na ziwa moja la ajabu, kama konokono asiye na gamba, limelala katikati ya Afrika. Wazungu wa Ulaya wengine walicheka. Kumbe wachuuzi walikuwa wamesema kweli tupu: mmoja alikuwa akisema habari za Ziwa Nyasa, mwingine Ziwa Tanganyika, mwingine Viktoria. Kosa lilikuwa la aliyechora. Ramani hiyo ni moja ya sababu zilizowaleta Burton na Speke, ambao mwaka 1858 walifika Ujiji, wakapanda mtumbwi hadi Uvira, wakapita mbele ya ufuko huu tunaokaa leo.

Krapf naye alikuwa na mfanyabiashara wake. Ni Kivoi, Mkamba wa Kitui, tajiri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika pwani. Kivoi alimpokea nyumbani kwake, na ni kutoka Kitui ambapo Desemba 3, 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Mwaka uliotangulia Rebmann alikuwa ameiona ya Kilimanjaro, na mabingwa wa London wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1851 Krapf alirudi kwa Kivoi, wakaondoka pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa. Kivoi akauawa, wenzake wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kutekea, akajaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake. Alitembea usiku, akajificha mchana, akafika akiwa taabani.

Kabla ya hapo, mwaka 1850, alikwenda Ulaya na kuchapisha vitabu viwili: kimoja cha sarufi ya Kiswahili, kingine cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki zikiwa zimepangwa bega kwa bega. Mwaka 1853 afya ilimshinda, akaondoka Rabai. Alirudi tena pwani mwaka 1862 kuwasindikiza wamisionari wa Kimethodisti, na mwaka 1867 alichukuliwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Ethiopia, akaugua akarudi. Muda mwingine wote alikuwa Korntal, karibu na Stuttgart, na makaratasi yake ya maneno.

Hapa nina neno la kumlaumu. Krapf alipofika, Kiswahili kilikuwa kinaandikwa tayari. Watu wa pwani walikuwa na barua, hati za mauzo na tenzi ndefu kwa herufi za Kiarabu, na yeye mwenyewe alizikusanya baadhi na kuzipeleka Ujerumani, kwenye maktaba ya Halle. Lakini alipendekeza Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na hakuficha sababu: alitaka lugha iondoke kwenye mkono wa Uislamu na isogee karibu na Ulaya. Serikali za kikoloni zilipokuja zikaifuata njia hiyo. Mzee aliyekuwa akiandika barua zake mwenyewe miaka 40 akajikuta mbele ya karani anahesabiwa mjinga.

Nalijua jambo hilo kwa upande wangu. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasoma kwa mtaala wa Tanzania mpaka nikawa mwalimu. Niliporudi nyumbani nilipewa fomu ya Kifaransa kwenye ofisi moja, nikaigeuza huku na huku. Aliyekuwa mezani aliichukua, akajaza mwenyewe, na mahali pa elimu akaandika kwamba sina. Vyeti vyangu vilikuwa mfukoni. Nilikuwa na miaka zaidi ya 25, na nilishafundisha darasa la watoto 70. Nimewaona pia watoto waliotoka darasa la sita Kigoma wakirudishwa la tatu hapa, wanakaa na wadogo zao. Hesabu wanaijua, ila imeandikwa kwa lugha nyingine.

Ajabu ni kwamba mkondo huohuo ulimkumba Krapf. Kiswahili alichokikusanya ni Kimvita, cha Mombasa, ambako njia ni ndia, kichwa ni kitwa, na macho ni mato. Mwaka 1864 Mwingereza Edward Steere alifika Zanzibar, akajifunza Kiunguja, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kufundishia lugha. Kitabu cha Steere kilikuwa chepesi na kikasambaa haraka. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja kikachaguliwa kuwa Kiswahili sanifu. Ndicho tulichosoma Ulyankulu, na ndicho ninachofundisha. Kimvita kikabaki lugha ya nyumbani na ya washairi.

Krapf hakuyaona hayo. Alifariki Korntal Novemba 26, 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ilitoka London mwaka uliofuata, kurasa zaidi ya 400. Waliokuja baada yake kuandika kamusi waliichota humo, hata wale wa Kiunguja, kwa kuwa yapo maneno ambayo bila yeye yangezikwa na wazee waliyoyasema. Jalada lina jina lake. La Sheikh Ali bin Mueddin halipo hapo.

Kwa wanaokwenda Mombasa kukomboa mizigo bandarini: kaburi la Rosine na mwanawe lipo upande wa Nyali, ukishavuka daraja kutoka kisiwani. Rabai nako kuna makumbusho, katika majengo ya misheni, mbali kidogo na barabara kuu ya Nairobi.